Ufa Ulio Hai

Magoti yangu yamekataa kupanda mteremko wa Funu, na fundi asiyeweza kupanda Funu hana kazi ya kukagua nyumba Bukavu. Nimestaafu. Kazi wamebaki nayo vijana wenye simu: wanapiga video ya sebule, wanamtumia mnunuzi aliyeko Ubelgiji au Kanada, dola zinatumwa, na mvua ya kwanza ndiyo inayokuja kufanya ukaguzi.

Nilizaliwa Walungu mwaka 1954, nikaletwa Kadutu, hapa Bukavu, nikiwa mdogo. Shule niliionja tu. Mwaka 1967 vita vya Schramme na mamluki wake viliuvunja mji, na vilipokwisha, kuta za kuziba zilikuwa nyingi kuliko waashi. Nilianza kwa kubeba mchanga. Aliyenipokea alikuwa mwashi aliyejenga misingi ya nyumba za mtaa wa Muhumba enzi za Wabelgiji. Sisi tulimwita Mzee, basi.

Mzee akiitwa kutazama nyumba inayouzwa, haingii ndani. Anapanda kwanza kwa jirani wa juu, anasalimia, anaomba kuonyeshwa choo, maji ya jikoni na maji ya bati yanaelekea wapi. Anatazama mikaratusi na nguzo za umeme: zimesimama wima au zimeinama upande mmoja? Halafu anawauliza akina mama wa avenyu bomba la maji la REGIDESO limepasuka mara ngapi, na mahali gani. Bomba likipasuka palepale kila mwaka, Mzee hana haja ya kuona sebule. “Nyumba ni ya mwisho,” alikuwa akituambia. “Kwanza muulize mlima.”

Alikuwa na sababu. Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya miamba ya volkano ya kale iliyooza ikawa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Udongo huo ukishiba maji unateleza. Funu yenyewe ni poromoko la kale ambalo halijatulia. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamelipima kwa picha za miaka kama 70, na kwamba mwendo wake uliongezeka mahali ambapo mji ulijaa juu yake. Mzee hakuwa na picha za setilaiti. Alikuwa na jirani wa juu.

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wakiwa kanisani, ardhi ikatetemeka. Watu walikufa kwetu, na wengi zaidi ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda. Tangu siku ile kila muuzaji akapata jibu. Unamwonyesha ufa uliopita ukutani kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, anakuambia, “Papa, hiyo ni ya tetemeko.” Yaani ilipasuka siku moja, ikakoma. Inawezekana. Lakini ufa wa tetemeko na ufa wa mlima unaotembea, ukizikuta siku moja, zinafanana. Kinachozitenganisha ni muda.

Hapo ndipo tunapoweka shahidi. Unakwangua lipu mpaka tofali lionekane, unalowanisha, unabandika jasi ikikatiza ufa, upana wa kiganja, nyembamba katikati. Kwa msumari unachora tarehe. Usiibandike juu ya lipu wala rangi, maana itabanduka bila kusema lolote. Ufa uliokufa unaiacha jasi nzima msimu wote wa mvua. Ufa ulio hai unaikata.

Juu ya jambo hili nimegombana miaka mingi na mwenzangu mmoja, injinia mwenye diploma, ambaye shahidi wake ni wa saruji. Anasema jasi haivumilii mvua. Kwa ukuta wa nje ana haki, na huko mimi natumia kipande cha kioo kilichogandishwa ncha zote mbili. Lakini saruji ikikauka inanywea, na ikinywea inapasuka yenyewe. Huyo ni shahidi wa uongo. Katika nyumba moja ya Cimpunda saruji yake ilipasuka juma la kwanza, katikati ya kiangazi, naye akaandika kwamba ukuta unatembea. Mwenye nyumba akapoteza mnunuzi. Nikabandika jasi kando ya saruji ile. Mvua zilikuja zikaisha, jasi ikabaki nzima. Tangu hapo tukikutana Nyawera ananiuliza habari za watoto. Habari za kazi haulizi.

Wapo wanaosema ukaguzi ni karatasi. Karatasi ni lazima, sikatai. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 imeifanya ardhi kuwa ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia, na kinachoithibitisha ni cheti cha usajili. Sahihi ya shefu wa avenyu peke yake haitoshi, hata komisioneri, yaani dalali, akikuapia. Nenda kadastra, upimiwe parseli, mipaka ilinganishwe na cheti. Ila cheti hakisemi kama parseli inatembea.

Sasa ninyi vijana mnaofanya kazi hii, nisikilizeni. Mvua zetu zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Anayeuza Julai, na lipu mbichi, na rangi inayonuka, na bei ya haraka, anajua kwa nini amechagua Julai. Ukimpelekea mteja video ya rangi hiyo na kumwita “patron”, hukukagua kitu, umemsaidia muuzaji. Na ukuta mnene wa mawe usiwatie moyo: tafuteni matundu ya kutolea maji. Ukuta wa kuzuia mlima usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji yote yaliyo nyuma yake, na siku moja utalala juu ya jirani wa chini.

Nawe mnunuzi, usilipe zote. Toa avansi, muandikishiane kwamba salio ni Mei, mashahidi wakibaki wazima. Muuzaji akikataa, mshukuru, uende zako. Akikubali, kabla ya kuhesabu dola ya kwanza panda kwa jirani wa juu, umsalimie, umwombe akuonyeshe maji yake yanakwenda wapi.