Aya Zinazorukwa



Katika Dominika ya 6 ya Mwaka B, somo la kwanza hutolewa katika sura ya 13 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi. Tunasomewa aya mbili za mwanzo, kisha tunavushwa hadi aya ya 44 na kuendelea, ambako mwenye ukoma anaamriwa kukaa peke yake nje ya kambi. Katikati zimerukwa aya 41, na sidhani kama ni wengi wanaozifungua nyumbani. Leo nawaomba mzifungue mbili tu, ya 38 na ya 39. Humo anatajwa mwanamume au mwanamke aliyetokewa na mabaka meupe yaliyofifia. Kuhani anamtazama, na hukumu yake ni fupi: mtu huyo ni safi.

Nimezirudia aya hizo kwa ajili ya mama mmoja wa parokia yetu, ambaye mikono yake imekuwa ikipoteza rangi kwa miaka 9 sasa. Ni mbalanga, ugonjwa ambao wengine huuita barasi na madaktari huuita vitiligo. Alinifuata sakristia kuomba ruhusa ya kutoka nje wakati wa kupeana amani, kwa kuwa jirani yake wa benchi alikuwa ameuficha mkono wake ndani ya kitenge. Ruhusa hiyo sikuitoa.

Mbalanga hauambukizi, wala si ukoma, wala si laana ya ukoo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka na kuzishambulia chembe hai zitengenezazo rangi ya ngozi. Katika kila watu 100 duniani, mmoja hivi anao. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi baka huonekana toka mbali, na pengine ndiyo maana maneno ni mengi. Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kwanza kujua nani alitenda dhambi.

Mama huyu amepitia mengi. Aliuziwa krimu zisizo na jina, ambazo huenda zina steroidi kali za kukondesha ngozi. Alipewa majani yaliyomchubua hadi kidonda, na kidonda kilipopona kikaacha baka jipya, maana kwa wengi wenye mbalanga ngozi ikijeruhiwa hupauka hapo hapo. Wauzaji wa namna hiyo wananikasirisha kuliko jirani yule wa kitenge, ambaye angalau alikuwa anaogopa.

Tiba ya kweli ipo, ila ina mwendo wa kobe. Daktari hutoa dawa za kupaka za kutuliza kinga ya ngozi, au hutumia miale ya urujuanimno ya nanomita 311, mara mbili au tatu kwa juma, kwa miezi mingi. Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Katika majaribio yake, baada ya majuma 24, takribani wagonjwa 3 kati ya 10 walirudishiwa robo tatu au zaidi ya rangi iliyopotea usoni. Rangi inaporudi huanza kama vitone vidogo kuzunguka vinyweleo, kwa kuwa kwenye mashina ya vinyweleo ndiko chembe za akiba hujificha.

Hapo ndipo ilipo shida ya mikono. Viganja havina vinyweleo kabisa, na ncha za vidole ni vivyo hivyo, akiba haipo. Uso wa mama huyu umeitikia miale vizuri, shingo pia, lakini vidole havikubadilika. Daktari alimweleza wazi kwamba huenda visibadilike, naye akaamua kuendelea na matibabu ya uso na kuiacha mikono kama ilivyo. Naona ameamua kwa busara, na sitaki mtu yeyote wa Jumuiya amfuate na chupa nyingine.

Kuhani wa Walawi, mkimsoma vizuri, hakutibu. Alitazama kwa makini, akasubiri siku saba pale alipokuwa na shaka, kisha akatangaza mbele ya watu. Sehemu hiyo ya kazi haihitaji dawa, nami ninaifanya hapa kwa maandishi.

Wazazi ambao watoto wao wameanza kupata madoa meupe wasingoje. Ngozi ivute ili maji: baka jipya husikia tiba kuliko la miaka mingi, na lile ambalo nywele zake zimekwisha kugeuka nyeupe huwa gumu zaidi. Madoa mengine ni fangasi tu, hivyo mtoto apimwe kwanza. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wataalamu waliosoma pale wanahudumu katika hospitali nyingi. Asiye na nauli aje ofisini kwangu Jumanne au Alhamisi, kabla ya saa sita.