Ahadi ya Ndoa na Ahadi ya Siasa

Huku kwetu Masisi, na kwa jirani zetu wa Walikale, Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista na Waislamu wanakaa kijiji kimoja. Wakati wa uchaguzi watu husikia neno hili: "Huyu ni wa dini yetu, tumpe kura." Neno hilo mimi silikubali, na sababu yangu naitoa katika mafundisho ya ndoa.

Kanisa halimfungishi mtu ndoa kwa cheti cha ubatizo tu. Kwanza linachunguza kama yu huru, kama hana ndoa nyingine. Tena kila mwamini ajuaye kizuizi ana wajibu wa kukisema kabla ya siku ya arusi. Mkatoliki akitaka kuoana na Mprotestanti, askofu aweza kutoa ruhusa. Lakini ruhusa ya kumdanganya mwenzako haitolewi na mtu yeyote.

Basi, mbona tunamchunguza mchumba kuliko mbunge? Naye tumwulize: Nyumba yake anaitunza? Madeni yake amelipa? Barabara aliyotuahidi iko wapi? Mwenye kujua jambo na aseme kabla ya kura, asingoje kulalamika baadaye.

Tunao mfano wa karibu. Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa mjini Goma. Alikataa rushwa, asipitishe chakula kilichooza, akauawa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Yeye alikuwa Mkatoliki, kweli. Lakini chakula kile kingaliwadhuru watu wa dini zote, naye aliwalinda wote.

Pengine mtu atauliza: "Uchaguzi gani?" Ana haki. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika katika teritwari yetu ya Masisi kwa sababu ya vita. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini. Machi wakafika Walikale mjini, wakaondoka Aprili. Watu walikimbia, mume huku, mke kule.

Lakini mume na mke waliotenganishwa na vita hawakufunguliwa ahadi yao. Ahadi ni deni. Wengi wametafutana kambini na kwa ndugu mpaka wakaonana. Watu wanaojua kushika ahadi namna hiyo wana haki ya kumdai mwanasiasa ashike ya kwake, awe wa dini yao au wa nyingine.