Mwanangu, miguu itakimbia?

Siku ya kwanza nilisimama juu ya ubao pale Galu, kusini mwa Diani, kafi nimelishika kinyume. Bapa la kafi la mchezo huu wa kupiga kafi umesimama ubaoni limepinda kidogo, na mpindo huo huelekea mbele. Mimi niliugeuza kwangu kama mtu anayeteka uji kwa upawa. Mvuvi mmoja akapita na mtumbwi, amesimama wima, upondo mkononi. Laird Hamilton na Dave Kalama wa Hawaii ndio hutajwa kwa kuueneza mchezo huu, lakini kusimama chomboni pwani yetu hakukungoja mtu. Nilianguka mbele ya mvuvi yule mara nne. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona waitazama miguu, itakimbia?"

Nilicheka, wala sikumwelewa kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa naingia majini nikijisikia, labda mara mbili kwa mwezi, na kila nikirudi mwili umeshasahau. Wimbi likija kwa nyuma linanikuta miguu sambamba kama askari gwarideni. Chubwi!

Kilichonibadilisha ni kufuata maji. Siku za bamvua, kwetu bahari hupwa mnamo saa nne asubuhi, ukatembea hadi karibu na mwamba. Maji mafu ndiyo hujaa asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Basi nikaacha kungoja hamu: maji mafu yakifika, naingia siku 5 au 6 mfululizo. Tena nilifanya jambo moja tu. Mguu wa kulia unarudi nyuma, magoti yanalegea, macho yako ufukweni kwenye mnazi mmoja uliopinda. Hata jikoni nilirudisha mguu nikingoja chai ichemke, hadi mke wangu akauliza kama nyonga inaniuma.

Juni moja, upepo wa kusi umeshika, likaja wimbi la kimo cha kiuno. Nikapiga makafi matatu ya haraka, nikasikia mkia wa ubao unanyanyuliwa, na mguu ukarudi wenyewe. Nikaliegemeza kafi majini kama mkongojo, nikateleza mpaka mchanga ukakwaruza chini. Nilikumbuka kupumua baada ya kushuka.

Vijana wa pale wanasema bado nimekakamaa, na kweli, nikigeukia kushoto naanguka. Ule mnazi nao ulikatwa. Siku hizi natazama paa la makuti lililokuwa nyuma yake.