Majani Makavu ya Barranco

Ukifika bonde la Barranco, kule Kilimanjaro, karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, huoni tena mti unaoufahamu. Imebaki senesio: shina nene kama gogo, refu kupita kimo cha mtu, na juu yake shada la majani mapana mithili ya kabichi. Aina hii haioti katika mlima mwingine wowote.

Kilichonishughulisha mimi ni majani yake makavu. Hayaanguki. Yamelivika shina toka juu hadi chini, na ndiyo yanayoulinda uhai wake, maana kule usiku maji huweza kuganda. Jirani yake, lobelia, giza likiingia huyakunja majani na kukifunika kichipukizi chake.

Mwenzetu mmoja wa makamo, vidole vimemfa ganzi, aliyashika majani yale ayang'oe awashe moto. Mpagazi wetu, kijana wa Marangu, akamzuia.

"Mzee, hilo ni blanketi lake. Chukua langu."

Naye akalichukua. Usiku ule kijana alilala na koti tu. Nilimsikia akikohoa hadi alfajiri.