Kamera Yangu na Kima Punju wa Jozani

Wazee wetu hawakutuachia desturi ya kutoka nyumbani kwenda kumtazama mnyama bila ya haja. Mtu aliingia msituni kukata kuni, au kuchimba dawa, au kutega. Na asiyekuwa na moja katika hayo aliulizwa ana nini. Kwa hiyo sikustaajabu, siku ile ya mwaka 2016 nilipoileta nyumbani kamera yangu ya kwanza, marehemu baba aliponiuliza kwa upole, "Na hiyo, mwanangu, itatuletea nini?" Sikuwa na jawabu. Kamera yenyewe ilikuwa imekwisha tumika, nimeinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya, na fedha niliyomlipa ilikuwa ni akiba ya miezi saba. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika hesabu za watu wengine. Siku zangu mwenyewe ni Jumamosi na Jumapili.

Basi kwa siku hizo mbili nimeizunguka Unguja. Nimekwenda Chwaka baada ya Sala ya Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umebaki mweupe mpaka macho yachoke. Nimekwenda Jambiani kuwatazama wanawake wa mwani, wala sikumpiga picha ila aliyenipa ruhusa. Walionipa walikuwa wachache, na hiyo ni haki yao. Nimevuka bahari mpaka Kidike, Pemba, kuwaona popo wakubwa wa kisiwa kile, ambao asili yao ni pale tu na hawako pengine popote duniani. Mchana huning'inia mitini kama matunda yaliyosahauliwa, na wakikunjua mabawa hupita mita moja na nusu kutoka ncha mpaka ncha. Nilirudi na picha mia tatu na zaidi, na katika hizo mbili tu ndizo zilizofaa kutazamwa. Yeyote aliyejaribu mchezo huu atanielewa.

Lakini mahali palipoiteka roho yangu ni Jozani, na sababu yake ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, mwenye shamba la minazi na miembe ng'ambo ya barabara, ukiupita msitu.

Msomaji asiyewahi kufika huko apate kujua kwamba Jozani, pamoja na mikoko ya ghuba ya Chwaka, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na khabari yake kubwa ni kima punju. Kima huyu asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo. Mgongo wake ni mwekundu, mabega meusi, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe zilizosimama kama za mzee aliyeamshwa usingizini, na midomo yake ina wekundu kama aliyetafuna tambuu. Hana kidole gumba cha kusema. Hushika kwa vidole vinne. Wageni humwita kwa jina la Kirk, yule daktari Mwingereza aliyekuwa balozi hapa kwetu zamani za Masultani. Sisi tukamwita punju, yaani sumu, kwa kuwa watu walimchukia kwa harufu yake na kwa mambo mengi waliyoyaamini juu yake. Mimi nilikulia mjini nikiyasikia hayo, nikayaamini.

Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, nalo limeumbwa kwa majani na matunda machanga. Tunda lililoiva lenye sukari humdhuru. Ndiyo maana hali embe ijapoiva ikanukia, bali huila ingali changa, na hapo ndipo ugomvi wake na mjomba unapoanza.

"Nyinyi watu wa mjini," alikuwa akiniambia kila nikifika, baada ya kuitikia salamu, "mnakuja kuwapiga picha wezi wetu."

Siku moja nilimweleza kwamba watafiti wawili walikaa Jozani wakahesabu nazi, na khabari yao ikachapishwa mwaka 1999: minazi iliyoliwa vidaka na kima ndiyo iliyovunwa nazi zaidi, kwani vidaka vikipunguzwa vinavyobaki hupata nguvu. Nilimweleza pia kwamba sehemu ya kiingilio cha wageni hurudi vijijini. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kwani ni mtu wa adabu, kisha akaniuliza, "Na embe, walizihesabu?" Nikanyamaza.

Kuna jambo jingine lazima nilitaje. Nyumba ya mjomba haitundikwi picha ya kiumbe chenye roho. Khitilafu za wanavyuoni juu ya picha ni za siku nyingi, na mimi si wa kuzihukumu. Yeye ameshika alilofundishwa na mwalimu wake, nami namheshimu kwalo. Picha moja tu yangu imetundikwa ukumbini kwake: mikoko ya Pete wakati wa maji kujaa, mizizi na kivuli chake majini. Mara ya kwanza aliikagua pembe zote, nadhani akitafuta kaa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kima punju hula makaa. Si hadithi, nimeona kwa macho yangu wakishuka penye tanuri la makaa lililokwisha poa, kila mmoja akichukua kipande chake na kupanda nacho mtini. Wanaojua wanasema kwamba majani ya mkungu na ya muembe yana chakula kizuri pamoja na vitu vya kudhuru tumbo, na makaa huvinyonya vile vya kudhuru. Na kitoto hujifunza kwa mama yake. Nilipolijua hili lilinistaajabisha sana, kisha, badala ya kumtukuza aliyewaumba nikatosheka, nikaanza kufanya hila.

Nilikuwa na tamaa ya picha moja. Ndani ya msitu mwanga ni wa vipande vipande; uso wa kima ni mweusi, nywele nyeupe, na kamera hushindwa kuvipata vyote viwili. Lakini pembeni mwa shamba la mjomba, hatua kama ishirini kutoka barabarani, kuna kisiki cha muembe, na jua la asubuhi hukipata mapema, laini, kabla halijawa kali. Nikajisemea: kima akikaa pale kwa dakika moja tu!

Nikaenda jikoni kwa mkaza mjomba nikamwomba makaa kidogo. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kuchomea mahindi.

Nilifanya hivyo Jumamosi tatu, nikiweka vipande juu ya kisiki na kujificha nyuma ya majani makavu ya mnazi. Ya kwanza hawakuja. Ya pili alikuja dume mmoja, akachukua, akaondoka kabla sijainua mkono. Ya tatu walikuja saba, wakivuka barabara kutoka upande wa msitu, mmoja baada ya mmoja, na gari moja likapiga honi. Nilisikia honi ile. Sitaki kusema kwamba sikuisikia.

Jumamosi ya nne nilipata picha. Mama amekaa juu ya kisiki, kitoto kimemshika tumboni, naye ameshika kipande cha makaa kwa vidole vyake vinne jinsi mtu anavyoshika tende wakati wa kufungua saumu. Mdomo umeingia weusi. Jua limepita katika nywele za kichwani pake zote. Kitoto kinautazama mkono wa mama yake, wala hakinitazami mimi. Kwa miaka yote niliyobeba kamera sijapata picha kama ile, na nadhani sitapata nyingine.

Usiku ule niliwapelekea marafiki zangu kwa simu, sifa zikanijia hata nikaona haya kidogo, kisha haya zikaniisha. Mwenye hoteli mmoja akataka kuinunua aiweke kubwa penye mapokezi yake, akataja bei ambayo mke wangu aliposikia aliacha kukuna nazi.

Jumatano mjomba alinipigia simu. Si kawaida yake. Aliniambia, "Mjomba, ukipata nafasi njoo," akakata.

Nilifika Al-asiri. Alinichukua mpaka chini ya muembe mwingine, karibu na kile kisiki, akanionyesha mchanga uliofukuliwa upya. Asubuhi ya siku iliyotangulia gari lilikipiga kitoto cha kima pale mbele ya shamba. Mama yake alishuka mara mbili mpaka ukingoni mwa barabara, magari yakamrudisha. Mjomba akaenda akakiokota, kwa sababu, alisema, hakuweza kuendelea kunywa chai akisikiliza sauti ile. Akachimba shimo kwa jembe lake. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwaita wezi.

Tulisimama kimya. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Miaka yote hawakuwa wakivuka hapa. Walikuwa wakivuka kule penye matuta." Na baada ya kitambo tena, "Mkaza mjomba wako anasema mahindi ya mwaka huu yamekula makaa mengi."

Sikujibu. Ningejibu nini?

Matuta aliyoyataja yaliwekwa katika miaka ya 1990, kwa kuwa kima walikuwa wakifa kwa wingi barabarani, nayo yakasaidia sana, ijapokuwa hayakumaliza. Yamewekwa pale ambapo wanyama wamezoea kuvuka. Mbele ya shamba la mjomba hapana tuta, kwa kuwa hapakuwa na haja. Hesabu ya mwaka 2017 ilionyesha kima punju zaidi ya elfu tano na mia nane, wengi kuliko walivyodhaniwa, na rafiki yangu mmoja alinipa hesabu hiyo kama dawa: mmoja katika maelfu ni nini? Mimi ni mtu wa hesabu, lakini hii haikunituliza.

Wala sijui kama kitoto kile ndicho cha katika picha. Katika kundi lile vitoto vilikuwa vitatu, nami sina alama ya kukijulia. Sikuthubutu kumwuliza mjomba kilikuwaje. Huenda wangevuka pale hata bila ya makaa yangu, kwani embe changa zilikuwa zimeanza. Nimejiambia hivi mara nyingi, zaidi usiku, na kila nikifika kwenye neno "huenda" naikumbuka ile honi.

Mwenye hoteli nilimwambia picha haiuzwi. Mke wangu hakupendezwa, kwa sababu ada za skuli zilikuwa zinakaribia, na alikuwa na haki ya kutopendezwa. Nilimweleza kisa chote baada ya siku mbili tu, nilipopata ujasiri. Mkaza mjomba nilimwomba radhi kwa uongo wa mahindi. Alicheka, akasema alijua tangu siku ya kwanza, kwani mahindi yenyewe sikuyaleta.

Picha niliichapisha moja, nikaenda nayo kwa mjomba, nimeifunga katika gazeti. Nilikusudia kumwonyesha tu. Kwa mtu asiyetaka picha, aliitazama muda mrefu. Alipomaliza aliirudisha katika gazeti lake, akaikunja vizuri, akanipa.

"Hii haikai kwangu," akasema. "Lakini na wewe usiiweke kabatini. Wapelekee wanaopita na magari."

Nikachapisha thelathini, ndogo ndogo, na chini yake nikaandika mahali penyewe: penye muembe mkubwa, karibu na shamba la minazi, baada ya msitu. Jumamosi nikaenda kituo cha gari za abiria badala ya kwenda msituni. Madereva wengine waliipokea wakaitupa juu ya kiti. Wengine walidhani ni tangazo la uchaguzi. Mmoja, kijana wa Makunduchi, aliibandika chini ya dua ya safari iliyo juu ya kioo chake, akarudi nyuma hatua moja kuiangalia kama imenyooka. Akaniuliza, "Ndiye huyu aliyekufa?"

Nikamwambia sijui.

Siku hizi nikienda Jozani nasubiri humo humo msituni, penye mwanga mbaya, na picha zangu nyingi ni za giza. Kwenye kisiki pale hapana makaa, na kwa muda wa wiki sita hivi kima waliendelea kuja wakikikagua, kisha wakaacha. Wanakijiji wameandika barua kuomba tuta, na mwandiko wa barua ile ni wangu. Mjomba, ambaye asubuhi hukaa barazani na kikombe chake akihesabu, anasema gari mbili hupunguza mwendo zikifika pale penye muembe. Nyingine bado.