Nikikataa Je?

Nilienda Mulago kumtafsiria mama mmoja wa kwetu Kivu. Muuguzi alisoma karatasi ya ridhaa ya utafiti, mimi nikigeuza. Mama akaniuliza polepole: "Mwanangu, nikikataa, mtoto atatibiwa?"

Jibu lilikuwepo: atatibiwa. Mstari huo niliuruka mwenyewe, nikidhani ni maneno ya sheria tu. Nikaomba tuanze upya.

Utafiti si adui. Mulago hapohapo, mwaka 1999, ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama mwenye uchungu, na dawa kidogo ya maji kwa mtoto, hupunguza sana maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kina mama walikubali, ndiyo tukajua.

Huyu wangu alikataa. Mtoto akatibiwa. Siku hizi naanza na mstari ule.