Miaka Saba, Siku Tatu Jambiani

Mwaka wa saba wa ndoa, mimi na mume wangu tulikuwa tunazungumzia ada za watoto, gesi na foleni, basi. Tukavuka na boti hadi Unguja, kisha gari mpaka Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki.

Pale saa yako ni bahari. Maji yakitoka, yanatoka kweli: mchanga mtupu hadi mbali, na kina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989. Wanafunga mbegu kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi. Baada ya kama masaa sita maji yamerudi, mashamba yamefunikwa. Ukitaka kuogelea, shosti, subiri. Sisi tulisubiri kivulini, na mkikaa hivyo lazima mtaongea tu. (Ukipita kijijini jifunge khanga, ile ni mitaa ya watu.)

Jioni ya pili, tukila pweza wa nazi, akaniuliza kama bado nataka kusoma shahada ya pili. Miaka yote hajawahi kuniuliza! Tukakaa mpaka usiku tukipiga mahesabu ya ada, safari hii yangu mimi.